Mama Pendo na Herufi za Eibar

Mtu wa kwanza kuiandikia tovuti ya Josefina Fabiani alitaka kununua bunduki. Aliandika kutoka Mwanza, kwa heshima zote, akauliza bei na kama mzigo unaweza kupakiwa kwenye basi. Josefina alimjibu siku hiyo hiyo kwamba hana bunduki, hajawahi kuwa nayo, wala hajawahi kufyatua hata moja maishani mwake. Alichonacho ni maneno yaliyoandikwa juu ya bunduki, na maneno hayo hayauzwi. Kisha akafungua ukurasa wa mbele wa tovuti na kuongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa: HAPA HATUUZI, HATUNUNUI, TUNASOMA TU.

Pale Kilole, mjini Korogwe, wengi hawamjui kwa jina hilo la Josefina. Wanamjua kama Mama Pendo wa steshenari. Duka lake lina mashine mbili za fotokopi, kompyuta moja, na kitambaa cha buluu ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti. Ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mrefu, mwenye sauti nzito ya watu walioimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu usichana. Ukimuuliza jambo analolijua, anakujibu mara moja. Usipokubali jibu lake, anakuambia rudi kesho na karatasi yako.

Mambo ya bunduki aliyapata kwa baba yake. Mzee Fabiani alizaliwa kwenye kambi ya manamba, katika shamba moja la mkonge, mtoto wa Mngoni aliyekuja kutoka Songea kukata mkonge kwa mkataba na asirudi tena kwao. Fabiani mwenyewe hakukata mkonge. Kampuni ilimpa kazi ya kulinda mashamba ya mahindi ya wafanyakazi yasiliwe na nguruwe pori, na kwa kazi hiyo ikamkabidhi shotigani ya mitutu miwili. Kila Jumamosi mchana aliisafisha barazani, risasi zikiwa zimefungiwa ofisini, na Josefina akiwa na miaka mitano alikaa pembeni akimshikia kopo la mafuta. Juu ya mtutu, kwenye ule ukanda mwembamba unaounganisha bomba mbili, palikuwa na herufi tano zilizochongwa: E, I, B, A, R. Alipoingia darasa la kwanza mwalimu alikuta tayari anajua herufi tano, ila hakuna aliyejua kwa nini alianza na hizo.

Baba yake alimwambia hilo ni jina la aliyeitengeneza. Jirani mmoja alisema ni jina la meli iliyoileta. Kampuni ilipouzwa, bunduki ilirudishwa kwa wenyewe na haikuonekana tena. Mzee Fabiani alifariki mwaka 2009, na kile alichojua kuhusu neno lile akaondoka nacho.

Mwaka 2017 palikuwa na semina ya wiki moja kwa wenye maduka ya steshenari, kuwafundisha kutengeneza tovuti. Mwalimu wa semina alimtaka kila mmoja achague jambo analolipenda na kulitengenezea kurasa tatu. Wenzake wote walitangaza maduka yao. Josefina aliandika zile herufi tano kwenye kompyuta, na jibu likaja kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi. Eibar si mtu wala si meli. Ni mji mdogo wa Uhispania ya kaskazini, uliobanwa bondeni katikati ya milima, ambako watu waliishi kwa kutengeneza bunduki kizazi baada ya kizazi. Alitazama picha za mji ule, nyumba zimepandana mlimani kama za Lushoto, akajisikia kama mtu aliyekabidhiwa anwani ya ndugu aliyemtafuta muda mrefu.

Semina ikaisha, yeye hakuacha. Aligundua kwamba bunduki za aina ile bado zipo, zimetawanyika vijijini Handeni na Korogwe, kwa wakulima wenye leseni wanaolinda mahindi yao. Wengi walikuwa wateja wake. Walikuja kutoa fotokopi za leseni, naye akawauliza kama wangemruhusu aende siku moja kuziona chapa. Mwenye bunduki aliifungua, akaonyesha kwamba haina risasi, akailaza kwenye mkeka. Josefina aliweka karatasi nyembamba juu ya chuma na kuisugua kwa penseli mpaka chapa ikajitokeza: taji, simba, ngao, namba, herufi moja peke yake. Baada ya hapo alipiga picha, akaandika, akapakia kwenye tovuti. Namba ya bunduki aliificha daima, na kijiji hakukitaja.

Hawakukosekana watu wa kusema. Katika kwaya kulikuwa na mama mmoja aliyemuuliza kama sasa ameacha Injili na kujiunga na majambazi. Mumewe, Denis, fundi wa pampu za maji, alisema kama ni kusoma tu, basi asome. Askari wawili walifika dukani mwaka uliofuata, wakaomba kuiona hiyo tovuti, wakaisoma ukurasa kwa ukurasa wakinywa soda. Waliporidhika, mmoja alitoa simu yake na kumwomba amsaidie kusoma chapa ya bunduki ya mjomba wake.

Kufikia mwaka 2022 alikuwa na bunduki mia moja na thelathini kwenye kurasa zake, zote kwa Kiswahili. Walimwandikia wastaafu wa Nairobi, watu wa Ajentina, na Wahispania wenyewe, wakitumia kompyuta kutafsiri. Ukurasa uliosomwa kuliko yote uliitwa Jedwali la Miaka. Bunduki ya Uhispania, kabla ya kuuzwa, ilipelekwa kwanza kwenye nyumba ya ukaguzi, ikapigwa risasi nzito kuliko kawaida, na isipopasuka ikagongwa chapa. Tangu mwaka 1927 chapa hizo zilikuwa na herufi ya mwaka: A ni 1927, B ni 1928, na kuendelea. Josefina alikuwa amesoma mahali fulani herufi hizo mbili za mwanzo na ule utaratibu wa herufi moja kila mwaka. Zilizobaki alizijaza mwenyewe kwa kuhesabu, maana alfabeti ni alfabeti. Chini ya jedwali aliandika jina lake kamili.

Kuna Mhispania mmoja, mzee mstaafu wa Eibar aitwaye Koldo, aliwahi kumtumia ujumbe mfupi. Kompyuta ilimtafsiria hivi: Meza yako ni mbaya, unakosa che na eñe. Picha ya ukurasa wa mbele ilimwonyesha Josefina amekaa kwenye meza ya duka, na ni kweli mguu mmoja wa meza ile ulikuwa umefungwa kwa waya. Hakupenda. Alimjibu kwa kifupi kwamba meza haisomi bunduki, akaendelea na shughuli zake.

Machi 2023, asubuhi ya Jumamosi, waliingia dukani wanaume wawili waliotoka Handeni kwa gari la kwanza. Mmoja alikuwa mzee wa miaka sabini na saba, mwembamba, kanzu imepigwa pasi vizuri, na mkononi ana karatasi iliyoviringishwa. Mwingine alikuwa mwanawe, Jabiri, mtu mzima wa miaka arobaini. Josefina alidhani wamekuja kutoa fotokopi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Josefina Fabiani?"

Jina lile dukani lilikuwa halitamkwi. Akasema ndiye. Mzee akaikunjua karatasi na kuiweka mezani. Ilikuwa Jedwali la Miaka, limechapishwa, na mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu.

"Basi nisomee hapa, mwanangu. Macho yangu hayafiki."

"S," alisoma Josefina. "Elfu moja mia tisa arobaini na tano."

Mzee akatoa mfukoni karatasi nyingine, ya zamani, imelainika kama kitambaa. "Nisomee na hii."

Ilikuwa leseni. Ilisema shotigani ya mitutu miwili, ya Kihispania, iliyotengenezwa mwaka 1947.

"Moja kati ya karatasi hizi haisemi kweli," alisema mzee. "Hii ya zamani iliandikwa baba yangu akiwepo. Hiyo nyingine sijui iliandikwa nani akiwepo."

Jabiri ndiye aliyeeleza. Mzee wake, Kibwana Hiza, alirithi bunduki ile kwa baba yake, na sasa, kwa kuwa mikono inatetemeka, alitaka kumhamishia mwanawe. Walifuata utaratibu. Lakini kutu ilikuwa imekula tarakimu mbili za mwisho za namba, na afisa anayeshughulikia silaha aliwaomba kitu kingine cha kuthibitisha kwamba bunduki iliyoletwa ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni. Herufi S ilisomeka bado. Jabiri alitafuta kwenye simu, akalipata jedwali, akafurahi, akalichapisha na kulipeleka bila hata kulisoma vizuri. Afisa akalinganisha. Leseni inasema 1947, bunduki inasema 1945. Maana yake ni bunduki mbili, na moja haionekani. Iliyoletwa ikazuiwa, na Mzee Kibwana akatakiwa aandike maelezo ya ilipo ile nyingine. Habari ilifika kijijini kabla yao. Watu walianza kusema mzee alikuwa akiwaazima majangili bunduki yake.

Jibu la kwanza lililomjia Josefina lilikuwa la kulitetea jedwali. Alisema huenda karani aliyeandika leseni ndiye aliyekosea, jambo hilo hutokea.

"Huenda," alisema Mzee Kibwana, wala sauti haikupanda. "Lakini yule karani aliishika bunduki. Wewe hiyo herufi ulimwona nani akiigonga?"

Josefina aliitazama karatasi yenye jina lake chini. Miaka sita alikuwa ameionea fahari. Akawaomba wiki moja. Mzee akamjibu kwamba alipewa siku kumi na nne, na tisa zimekwisha.

Walipoondoka alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Jumamosi. Alitoa kwenye kabati karatasi zake zote alizozisugua kwa penseli, akazitandaza sakafuni, akatenga zile za bunduki ambazo wenyewe bado walikuwa na stakabadhi za dukani. Zilikuwa tano. Yenye herufi C ilinunuliwa mwaka 1929, na jedwali lilisema hivyo hivyo. Yenye F, jedwali lilisema 1932, stakabadhi 1933. Yenye H, jedwali 1934, stakabadhi 1935. Yenye T, jedwali 1946, stakabadhi 1948. Yenye U, jedwali 1947, stakabadhi 1949.

Tofauti hizo alikuwa ameziona zamani. Kila mara alijiambia kwamba bunduki ilikaa dukani mwaka mmoja au miwili kabla ya kupata mnunuzi. Sasa alizipanga kwa mstari na kuzitazama kwa pamoja: sifuri, moja, moja, mbili, mbili. Hakuna duka lenye nidhamu namna hiyo. Mahali fulani baada ya C kulikuwa na herufi iliyojificha, na mahali fulani baada ya H kulikuwa na nyingine. Hapo aliukumbuka ujumbe wa Koldo. Aliufungua, safari hii akausoma wenyewe kwa Kihispania, neno kwa neno, akitafuta kila moja peke yake. Tabla. Haikuwa meza ya kukalia. Ilikuwa jedwali.

Alijisikia vibaya mpaka masikio yakapata moto. Hata hivyo hakukaa muda mrefu na aibu yake. Kazi ilikuwa imeanza kufunguka na mikono ilikuwa inamwasha.

Eñe aliipata upesi: ni N yenye kiwimbi juu, nayo kwenye alfabeti ya Kihispania inafuata N. Lakini che hakuiona popote. Kila alfabeti ya Kihispania aliyoifungua ilitoka C ikaenda D. Ndipo alipompigia simu Sista Salome. Huyu alikuwa Msambaa wa miaka themanini na mbili, muuguzi mstaafu aliyemuuguza mama yake Josefina, na ujanani alipelekwa Uhispania miaka minne kusomea kazi hiyo. Sasa alikuwa kwenye nyumba ya masista wazee huko milimani. Josefina alimwomba amsomee alfabeti kama alivyofundishwa kule.

Sista alicheka, akasema hajawahi kuombwa jambo hilo na mtu mwenye wajukuu. Kisha akaanza, polepole, kwa sauti ya kuimba.

"A, be, ce, che, de..."

"Sista, rudia hapo."

"Che. Kama yetu. Enzi zile walikuwa nayo, siku hizi nasikia wameiondoa. Na hiyo eñe ni nye yetu ya nyanya."

Josefina alikaa chini kwenye benchi la wateja. Yeye mwenyewe, darasa la kwanza, alikuwa ameimba a, be, che, de, na watoto wengine hamsini. Alipolijaza jedwali alisahau ya kwao, akaihesabu ya Waingereza, na wala hakujiuliza Wahispania wana ipi.

Sista aliendelea mpaka mwisho. Alikuwa na nyongeza mbili: baada ya L walikuwa na elle, yaani L mbili, na dabliu hawakuihesabu, waliiona ya wageni. Josefina alishukuru, akaanza kuhesabu upya. Akiiweka elle, herufi T ilifika 1949, lakini ile bunduki yenye T iliuzwa 1948, na bunduki haiuzwi kabla haijatengenezwa. Kwa hiyo elle haikugongwa. Akaiondoa. Zikabaki che na eñe, na herufi zote tano zikakaa juu ya stakabadhi zake bila kubaki mwaka hata mmoja. S ikaangukia 1947.

Alimwandikia Koldo kuomba radhi, akamweleza habari ya meza. Jibu lilikuja Jumapili akiwa ametoka kanisani. Mzee yule alisema amecheka mpaka mke wake akaja kumtazama, na akamtumia picha ya orodha ya zamani ya herufi, yenye che, yenye eñe, isiyo na elle wala dabliu.

Jumatatu asubuhi Josefina alivaa gauni lake la kazi, akaweka karatasi zote kwenye bahasha na kwenda Handeni. Mzee Kibwana na Jabiri walikuwa wakimsubiri nje ya ofisi. Afisa wa silaha aliitwa Afande Eliasi, mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake sambamba kabla ya kuanza kuongea. Josefina hakuzunguka. Alisema jedwali lile ni lake na kosa ni lake, S ni mwaka 1947, mzee hana bunduki ya pili. Akaeleza che na eñe, akaweka stakabadhi na picha ya Koldo mezani.

Afande alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hana sababu ya kumwona mwongo. "Lakini mama, jiweke kwenye kiti changu. Siku chache zilizopita herufi hii ilikuwa arobaini na tano. Leo ni arobaini na saba. Na karatasi ya mtandaoni ndiyo iliyotufikisha hapa. Nitaandikaje kwamba nimeamini nyingine?"

"Usiniamini," alisema Josefina. "Nipime."

Alimwambia kwamba lazima zipo bunduki nyingine za Uhispania zilizoletwa kuhuishwa leseni. Askari asome herufi tu, Afande ashike mafaili, na yeye akae akiangalia ukutani. Akikosea hata moja, bahasha yake arudi nayo Korogwe na mzee aandike maelezo aliyoambiwa.

Afande alizipanga kalamu zake, akamwita askari. Zilipatikana nne. Askari akasoma kutoka chumba cha pili.

"E."

"Elfu moja mia tisa thelathini na mbili," alisema Josefina.

Afande alifungua faili. Akaashiria askari aendelee. Ilikuja K, Josefina akasema thelathini na nane. Ikaja R, akasema arobaini na sita. Mara zote mbili faili lilifunguliwa na kufungwa, na Jabiri, aliyesimama mlangoni, aliona afande akiweka alama ya vema pembeni.

"X."

"Hamsini na moja."

Safari hii faili lilibaki wazi. "Hapa pameandikwa hamsini na tatu," alisema Afande Eliasi.

Mzee Kibwana aliinamisha kichwa. Josefina aligeuka kutoka ukutani. Aliuliza kama hiyo hamsini na tatu ni mwaka wa kutengenezwa au wa kununuliwa. Afande akaangalia, akasema ni ya kununuliwa.

"Basi ilikaa dukani."

"Mama, hicho si ndicho kilekile ulichojidanganya nacho mwanzo? Umenieleza mwenyewe."

"Ndicho," alisema Josefina. "Nilijidanganya nacho kwa sababu nilikitumia kwa kila bunduki. Kuchelewa kunaeleza bunduki moja, afande. Hakuelezi zote. Hizi tatu zimelingana, na tano zangu zimelingana. Hii moja ndiyo iliyochelewa. Fungua ukurasa wa nyuma, mara nyingi mwenye duka aliandika siku alipopokea mzigo."

Hakuwa na uhakika kwamba ukurasa wa nyuma ulikuwepo. Afande alifungua. Kulikuwa na karatasi ya rangi ya chai, ya duka la Tanga lililokwisha kufungwa zamani, ikionyesha kwamba bunduki ile ilishushwa bandarini mwezi wa kwanza mwaka 1952.

Afande Eliasi aliisoma mara mbili. Kisha akasema bunduki haiwezi kushuka bandarini kabla haijatengenezwa wala haiwezi kununuliwa kabla haijashuka, kwa hiyo hamsini na moja inamtosha. Akachukua kalamu ya kwanza na kuanza kuandika. Aliandika ukurasa mzima, akamsomea Mzee Kibwana kwa sauti ili aelewe kila neno, akamwambia maelezo ya bunduki ya pili hayahitajiki tena kwa kuwa bunduki ya pili haipo. Utaratibu wa kumhamishia Jabiri ungechukua muda wake wa kawaida.

Nje, Mzee Kibwana alimshika Josefina mkono na hakuuachia haraka. Josefina akaanza kuomba radhi, maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Mzee alimkatisha. Alisema bunduki yenyewe hata wangeichukua moja kwa moja asingelia, nguruwe wanaweza kufukuzwa hata kwa debe. "Kilichoniuma ni kuitwa mwongo kwa jambo la baba yangu. Hilo umelifuta. Sasa nenda ukarekebishe kile kikaratasi chako, asije mwingine."

Alikirekebisha jioni ile ile. Lakini hakubadilisha tarakimu kimyakimya. Juu kabisa ya jedwali aliandika kwamba kwa miaka sita herufi zote kuanzia D zilikuwa na makosa, kwamba makosa hayo yalifanywa na mwenye tovuti, kwamba yalimtia mzee mmoja kwenye matatizo asiyostahili, na kwamba aliyelichapisha jedwali la zamani alichane. Akaeleza che na eñe, akawataja Koldo na Sista Salome. Denis aliposoma alisema watu watapoteza imani. Yeye alijibu kwamba akitaka kuuliza njia atamuuliza aliyewahi kupotea akarudi, maana huyo anajua pa kukatia kona.

Hawakuipoteza. Barua ziliongezeka. Mtu wa Ajentina alituma stakabadhi kumi na moja za babu yake ili zilinganishwe, na zote zililingana. Mwalimu mmoja wa Tanga aliomba ruhusa kuitumia habari ile kufundishia hesabu. Koldo alijitolea kutafsiri kurasa kwa Kihispania, kwa sharti kwamba kila neno gumu wajadiliane kwanza. Juni leseni ya Jabiri ilitoka, na Afande Eliasi alimpigia Josefina simu mwenyewe, kisha akamuuliza kuhusu chapa moja yenye ndege asiyoijua. Josefina hakuijua pia. Akamwambia hivyo, na kwamba atampa jibu akilipata.

Mwezi wa kumi, mvua za vuli zilipoanza kunyesha, alipata mwaliko wa kwenda Mpale. Mwenyeji wake aliitwa Maryamu, mjane anayelima maharage na mahindi mlimani, ambaye alikuwa na bunduki na leseni ya marehemu mumewe na alitaka kufahamu alichoachiwa kabla ya kuamua kuirithi au kuirudisha serikalini. Kaka wa marehemu, mwenye idhini ya kuishika, aliifungua bunduki, akaonyesha kwamba ni tupu, akailaza mkekani. Josefina alipiga magoti, akaweka karatasi, akasugua kwa penseli. Taji likajitokeza, kisha ngao, kisha herufi A ikiwa na tarakimu ndogo ya 1 ubavuni mwake.

Alijua papo hapo. Z ilipoisha walirudi A na kuiongezea namba, nayo hiyo ni 1954. Maryamu alikuwa amechuchumaa upande wa pili, khanga imefunika mabega kwa ajili ya baridi, akimtazama usoni.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Nadhani nimeisoma," alisema Josefina. "Lakini kabla sijakutajia mwaka, mama, marehemu aliacha karatasi yoyote ya dukani? Hata iliyochanika."

Maryamu alifikiri kidogo. Akasema lipo sanduku chini ya kitanda, ila halijafunguliwa tangu msiba. Kisha akasimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akaingia ndani kulitoa.